Siku nzima kwa miguu kutoka bustani hadi bustani, Singapore

Swali: "Shikamoo mzee. Nafanya kazi bandarini Tanga, na Novemba hii napelekwa Singapore kwa mafunzo ya wiki mbili. Nitapata Jumapili moja tu ya mapumziko. Wenzangu waliotangulia waliimalizia madukani, mimi sina hamu ya maduka. Nimesikia bustani za mji ule zimeunganishwa hata mtu anaweza kutembea kutwa nzima kutoka moja hadi nyingine bila kupanda gari. Ni kweli? Nianzie wapi, nimalizie wapi? Nitakuwa peke yangu. Goti langu la kulia liliwahi kuteguka na huuma nikishuka ngazi. Na joto na mvua ya kule nitaiwezaje?"

Marahaba, mwanangu. Ni kweli, na kwa kuwa una siku moja nakuchagulia njia moja: safu ya vilima vya kusini mwa mji, ambayo kwenye ramani na vibao utaikuta kwa jina la Southern Ridges. Inaanzia Mount Faber, inapita Telok Blangah, HortPark na Kent Ridge, na tawi lake jingine linateremka hadi ufukweni Labrador. Zote pamoja ni kama kilomita 10. Mwenye haraka huimaliza kwa saa nne au tano. Wewe igawe kwa kutwa: asubuhi vilimani, mchana ukae mahali penye kivuli na chakula, jioni pwani.

Umeuliza pa kuanzia, na kwa goti lako hilo ndilo swali kubwa kuliko yote. Anzia Mount Faber. Kutoka kituo cha treni cha HarbourFront kuna njia iitwayo Marang Trail, urefu wake mita 800 hivi, inayopanda kwa ngazi katikati ya miti hadi karibu na kilele. Ndiyo sehemu ya mwinuko mkali kuliko zote utakazokutana nazo. Ukianzia upande huu unaipanda ukiwa na nguvu na hewa bado ni ya alfajiri, na goti lililoteguka huvumilia kupanda kuliko kushuka. Wanaoanzia magharibi huikuta mwisho wa safari. Wanashuka ngazi zote zile miguu imeshalegea, na hapo ndipo magoti yanapoumia. Ukishaimaliza Marang, sehemu kubwa ya njia mpaka HortPark ni tambarare au mteremko wa taratibu.

Fika HarbourFront mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Utakuta ndiyo kwanza kunapambazuka, kwa sababu saa za Singapore zimewekwa mbele ya jua lake. Mwezi wa Novemba jua huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika 45, na huwa utosini karibu na saa saba kasorobo mchana, dakika 40 hivi nyuma ya ulivyozoea Tanga. Jambo hili lina faida kwako. Saa tatu asubuhi ya kule jua bado liko chini kuliko saa tatu ya kwetu, kwa hiyo una asubuhi ndefu ya kutembea. Upande wa pili, joto halipungui mapema: saa tisa alasiri bado ni kali.

Kabla ya kupanda, kula. Karibu na kituo pana jengo la mabanda ya chakula, Seah Im Food Centre, lenye wapishi wengi wa Kimalei, na vyeti vya halali hutundikwa mbele ya banda. Tafuta nasi lemak. Ni wali wa tui la nazi na dagaa wakavu waliokaangwa, karanga, tango, yai na pilipili ya kusaga. Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa kuula. Wali huo utakufikisha saa sita bila kutetereka.

Sasa nikueleze unachokwenda kukitazama, maana wengi wanapita juu yake wasikione. Kazi yangu ya miaka mingi ni kupanga maeneo ya wazi mijini, na katika njia hii kinachonivutia zaidi ni maungio yenyewe, kuliko bustani moja moja. Vilima hivi vilikuwa na bustani zamani, kila kimoja na yake. Katikati yao yanapita mabonde, na ndani ya mabonde barabara kubwa za magari, Henderson Road na Alexandra Road. Mtu alipanda kilima kimoja, akazunguka, akashuka, akarudi nyumbani. Mwaka 2002 wapangaji wa mji walitoa wazo la kuvishona vilima hivyo viwe njia moja, na kufikia 2008 maungio matatu makubwa yalikuwa yamekamilika: daraja juu ya Henderson Road, njia ya chuma ndani ya msitu, na daraja jingine juu ya Alexandra Road. Hawakununua ardhi ya bustani mpya yenye ukubwa wa kutisha. Waliunganisha iliyopo. Dakika 20 za matembezi zikageuka kuwa saa tano.

Na wamefanya hivyo nchi nzima. Singapore yote ni ndogo kuliko Pemba na ina watu zaidi kidogo ya milioni 6, kwa hiyo ardhi ya kuchezea hawana. Lee Kuan Yew alitangaza azma ya kuufanya mji uwe bustani mwaka 1967, miaka miwili tu baada ya uhuru kamili, wakati watu wengi walikuwa bado kwenye makazi duni. Miti ilipandwa kwanza kando ya barabara. Kuanzia miaka ya 1990 ndipo wakaanza kujenga vijia vya kuunganisha bustani, na ardhi waliipata mahali ambapo sisi hatutazami: kandokando ya mifereji ya maji ya mvua. Kila mfereji mkubwa huachiwa ukanda wa wazi pembeni ili mafundi wapate pa kupita kuusafisha. Ukanda ule ulikuwa majani na taka. Wakauwekea kijia, miti na taa. Leo vijia hivyo vina urefu wa zaidi ya kilomita 300, na watu huvitumia kwenda kazini kwa baiskeli. Ukirudi Tanga, tazama mitaro yetu kwa jicho hilo.

Turudi njiani. Juu ya Mount Faber, karibu mita 100 kutoka usawa wa bahari, simama dakika chache. Chini yako ni Bandari ya Keppel na kisiwa cha Sentosa, na magari ya kebo yanayopita hewani kuelekea huko tangu 1974. Kuyapanda ni kwa malipo, tena si kidogo, na mimi sioni haja siku ya leo. Bustani zenyewe zote ni bure. Utalipa nauli ya treni, chakula, na ukipenda makumbusho nitakayokutajia, basi.

Ukifuata mgongo wa kilima kuelekea magharibi utafika kwenye daraja la Henderson Waves. Lina urefu wa mita 274 na limenyanyuka mita 36 juu ya barabara. Ndilo daraja la miguu lililo juu kuliko yote nchini humo. Sakafu yake ni ya mbao ngumu ya balau, na mbavu zake za chuma na mbao zinapanda na kushuka kama mawimbi, mara chini ya miguu yako, mara juu ya kichwa. Pale zinapojikunja juu zimetengeneza vibaraza vya kukaa ndani ya kivuli. Kaa. Jumapili asubuhi utawakuta wazee wakinyoosha viungo, familia, vijana wanaokimbia. Ndiyo maana nakwambia usiogope kuwa peke yako. Wanawake wengi hutembea njia hii peke yao na hakuna anayewageukia. Angalizo ni moja: mbao hizo zikilowa huteleza, na wewe goti lako halitaki kuteleza.

Watu wengi hupigia picha Henderson Waves wakaondoka. Wanakosa kilicho bora.

Lakini kwanza Telok Blangah, kilima kinachofuata. Ndani yake kuna jumba jeupe la familia ya Alkaff, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20 liwe mahali pao pa kupumzikia mwisho wa wiki. Nakutajia kwa sababu Alkaff walikuwa Waarabu wa bonde la Hadhramaut huko Yemen, wafanyabiashara waliofika Singapore katikati ya karne ya 19. Watu wa bonde lilelile wengine walishika upande wa magharibi wakafika Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, na wajukuu zao tunaishi nao mtaa mmoja. Pepo zilezile mbili za msimu, kaskazi na kusi, zilileta hawa huku na zikapeleka wale kule. Jumba limebadilisha matumizi mara kadhaa, wewe litazame kwa nje uendelee.

Sasa Forest Walk. Hii ni njia ya chuma ya kilomita 1.3 iliyosimamishwa juu ya nguzo, ikipita msituni kwenye ubavu wa kilima. Mahali pengine iko mita 3 juu ya ardhi, mahali pengine 18. Imejikunja kushoto na kulia kwa sababu ya kanuni waliyojiwekea: mteremko uwe mpole kiasi cha kiti cha magurudumu kupita. Badala ya kushuka kwa ngazi, unashuka kwa mizunguko. Utamkuta bibi wa miaka 80 anasukumwa na mjukuu wake usawa wa vilele vya miti, mahali ambapo bila njia ile asingefika katika maisha yake. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha bustani ya umma. Daraja zuri laweza kujengwa na mji wowote wenye fedha. Kumfikisha yule bibi pale kunahitaji mtu aliyekaa na mchoro akamfikiria yeye kwanza, kisha akatetea gharama ya mizunguko yote hiyo mbele ya waliotaka ngazi. Na anayefaidika si bibi peke yake: goti lako nalo litaipita kilomita nzima bila kulalamika.

Sakafu yake ni wavu wa chuma, unaona chini hadi ardhini. Mwanga na mvua hupenya, kwa hiyo mimea ya chini haikufa kwa kivuli cha njia. Vaa raba zenye soli ya kushika; kiatu chenye kisigino chembamba hunasa. Kimo kikikutia kizunguzungu, tazama mbele, shika reli, na baada ya mita 100 hofu hupungua. Tembea polepole hapa kuliko mahali popote. Macho yako yatakuwa usawa wa ndege, wa vipepeo na wa kindi anayekimbia juu ya tawi. Kwa kawaida msitu tunautazama kutoka chini, na shingo inauma. Hapa unautazama ana kwa ana.

Pana na tumbili, wenye mikia mirefu. Wamejifunza kwamba mfuko wa plastiki ni chakula. Weka kila kitu ndani ya begi la mgongoni na ufunge zipu, usiwakodolee macho, usiwape hata ganda. Kuwalisha wanyama pori ni kosa kisheria, na faini kwa mara ya kwanza yaweza kufika dola 5,000 za Singapore. Kuvuta sigara pia kumepigwa marufuku katika bustani zote za umma tangu Julai 2022.

Njia inakutema kwenye Alexandra Arch, daraja la upinde lililoinama upande mmoja, mita 80, dakika mbili umelivuka. Ng'ambo yake ni HortPark, bustani ya mafunzo ya kilimo cha maua na mboga. Ina vyoo safi na pa kukaa. Jaza chupa, maji ya bomba Singapore yananyweka bila kuchemshwa.

Na hapo nizungumzie joto, maana litakuwa limeshaanza. Vipimo vitakwambia nyuzi 31 au 32, utadhani ni Tanga tu. Tofauti iko kwenye upepo na unyevu. Tanga bahari inakupepea. Ndani ya vilima vile hewa husimama, imejaa unyevu, na jasho linatiririka bila kukauka. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Kwa hiyo usingoje kiu. Kunywa kidogo kila robo saa, ukilenga kama nusu lita kwa saa, na ule kitu chenye chumvi. Vaa pamba nyepesi iliyolegea, kanga begani itakufaa kwa jua na kwa jasho. Ukiona kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja au ngozi inasisimka kwa baridi katikati ya joto, safari imeishia hapo: kivuli, maji, kisha ukapande basi.

Kutoka HortPark utapanda tena, kwa njia fupi ya juu ya miti iitwayo Canopy Walk, mpaka Kent Ridge. Panda taratibu. Mimea ya huku inahitaji kuelezwa, maana wewe umetoka mkoa wenye Amani na Usambara Mashariki, na ukilinganisha utaona msitu huu mdogo na mwembamba. Ni kweli, si msitu wa asili. Karne ya 19 vilima hivi vilifyekwa kwa ajili ya mashamba, hasa ya gambir, zao la majani yaliyochemshwa kutengenezea ngozi, na kuni za kuchemshia zilitoka kwenye miti hiyohiyo. Udongo ulichoka, wakulima wakahama. Kilichoota baadaye ni miti inayovumilia ardhi maskini yenye tindikali, na mmojawapo, Adinandra dumosa, umeenea kiasi kwamba wanasayansi wameupa msitu wa aina hii jina lake. Katikati yake utaona vichaka viitwavyo simpoh, vyenye majani makubwa na maua ya njano, na miakasia iliyoletwa kutoka Australia. Ukitazama chini vichakani huenda ukaona mimea yenye vikombe vya kunasa wadudu: ardhi haiipi mimea hiyo naitrojeni, nayo inaitafuta kwa nzi na sisimizi. Msitu wa asili uliobaki uko Bukit Timah, kilima chenye mita 163, lakini huko ni siku nyingine na ngazi nyingi.

Kilichonifanya nikuchagulie Kent Ridge ni bandari. Kutoka juu unaiona Pasir Panjang, safu kwa safu za kreni na makontena, na meli zimepanga foleni baharini. Watalii hupita hapo wakasema tu ni nyingi. Wewe utajua unachokitazama. Na itazame vizuri, maana shughuli zote za makontena zinahamishiwa Tuas, magharibi ya mbali, ambako gati za kwanza zilifunguliwa rasmi 2022. Bandari za katikati ya mji zinatakiwa ziwe zimeondoka 2027, na hii ya Pasir Panjang itafuata katika miaka ya 2040.

Kwenye mwisho wa Canopy Walk ulio upande wa HortPark kuna nyumba ya zamani iliyogeuzwa makumbusho, Reflections at Bukit Chandu. Chini ya kilima hicho serikali ya kikoloni ilikuwa na kiwanda cha kufungasha kasumba, yaani afyuni, iliyouzwa kwa makuli. Na juu yake, tarehe 13 na 14 Februari 1942, askari wa Kikosi cha Wamalei walipambana na jeshi la Japani lililowazidi kwa mbali. Luteni Adnan Saidi aliuawa hapo baada ya kukataa kurudi nyuma. Siku iliyofuata Waingereza wakasalimu amri. Sisi tuna sababu ya kusimama pale kwa heshima: wazee wetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, walipelekwa Burma 1944 kupigana na jeshi hilohilo, katika misitu na mvua za namna hiyo, na majina yao hayajulikani hata na wajukuu. Makumbusho ni madogo, yana kiyoyozi, na nusu saa inatosha. Mwili wako utakushukuru kwa kiyoyozi na wewe utatoka na cha kufikiria.

Sasa ni kama saa sita. Shuka kwa Pepys Road hadi Pasir Panjang Road. Ni mteremko mkali wa lami, mkali kuliko ninavyopenda kwa goti lako. Ushuke kwa kukata upande hadi upande, hatua fupi, na usione aibu. Chini, karibu na kituo cha treni cha Pasir Panjang, kuna mabanda mengine ya chakula. Kula, kunywa maji ya miwa au ya dafu, na usinyanyuke mpaka saa tisa. Nasema kwa mkazo kwa sababu Novemba mvua ya kule ina tabia yake. Asubuhi mbingu ni safi, ardhi inapata moto, na kati ya saa saba na saa kumi na moja jioni mawingu hujikusanya yakapasuka kwa radi. Singapore ni miongoni mwa nchi zenye radi nyingi duniani. Mvua yenyewe ni ya saa moja au mbili, inapiga kwa nguvu kisha inaacha. Ukiwa umekaa chini ya paa na sahani yako, haikuhusu. Ukiwa juu ya daraja la chuma, ni hatari. Ukisikia ngurumo wakati wowote wa siku, toka kwenye Henderson Waves na Forest Walk, usisimame chini ya mti mkubwa peke yake, tafuta jengo.

Mvua ikishapita, panda treni kituo kimoja tu, kutoka Pasir Panjang hadi Labrador Park. Waweza kurudi HortPark ukateremka kwa miguu kwa njia iitwayo Alexandra Garden Trail, lakini ingekulazimu kupanda kilima tena, na hakuna tuzo kwa hilo.

Kando ya kituo cha Labrador Park ndipo inapoanza njia ya mbao inayopita juu ya mikoko ya Berlayer Creek, kijito kinachoingia baharini. Mikoko mingi ya kisiwa hiki ilikatwa kupisha bandari, viwanda na nyumba, na kilichobaki hapa ni ukanda mwembamba. Hata hivyo utajihisi nyumbani. Mkoko wenyewe na mlilana, ileile ya mikono yetu ya bahari Tanga, inaota Singapore pia. Maji yakiwa yamekupwa utaona kaa wadogo wenye gando moja kubwa na samaki wanaotambaa juu ya tope. Kenge hupita bila haraka. Fisi maji nao wamerudi katika maji ya Singapore baada ya mito kusafishwa, na jioni ndiyo saa yao, ukiwa na bahati.

Njia inaishia Labrador, hifadhi tangu 2002, yenye jabali la bahari ambalo ni nadra kubaki upande huu wa kisiwa baada ya pwani kujazwa udongo. Juu yake ni mabaki ya mizinga ya Waingereza iliyolinda mlango wa bandari. Chini ufukweni utaona nguzo ya jiwe iliyotengenezwa kukumbuka mwamba uliosimama mlangoni mwa mkondo, ambao mabaharia wa Kichina waliutumia kama alama kwa karne nyingi. Mwaka 1848 serikali ya kikoloni iliulipua ili meli kubwa zipite. Keti kwenye ukingo utazame meli zinavyoingia. Jua huzama kabla kidogo ya saa moja usiku, na giza huja haraka kama kwetu, kwa hiyo anza kurudi kituoni kukiwa bado kweupe. Njia ya mikokoni si ya kupita gizani kwa mgeni. Kama unaswali, vituo viwili mbele ni HarbourFront, na karibu yake kuna msikiti wa Temenggong Daeng Ibrahim, utawahi magharibi.

Kuhusu goti likigoma katikati: njia hii ina milango ya kutokea. Kwenye Henderson Waves kuna ngazi za kushukia Henderson Road, ingawa ni nyingi. Mlango mzuri zaidi kwako ni Alexandra Arch, ambapo barabara na kituo cha basi viko jirani. Ukitokea hapo umeshaona Mount Faber, Henderson Waves na Forest Walk, na mabasi na treni za kule hulipiwa kwa kugusisha kadi ya benki.

Kama asubuhi ikiamka na mvua, ngoja iishe, anza hata saa tatu, na uache Kent Ridge. Nenda kutoka Alexandra Road moja kwa moja kwa Alexandra Garden Trail hadi Labrador. Jumamosi jioni fungua tovuti ya NParks, mamlaka ya bustani, utazame matangazo, maana hufunga vipande vya njia kwa matengenezo. Wakikwambia Forest Walk imefungwa, usikubali kupelekwa kwenye njia ya udongo iliyo chini yake: ina ngazi nyingi na matope. Rudi Telok Blangah, ushuke kwa barabara, na uchukue basi hadi HortPark.